Usimwache Tabu Mpakani

Zuhura mwanangu, Mama yangu,

Salamu nimekupa tangu asubuhi, kila nilipopita mlangoni pa chumba chako nikijitia kutafuta kitu, kwa hiyo hapa sizirudii. Watu huandika barua za namna hii usiku, nyumba ikiwa kimya. Mimi nakuandikia mchana, jua likiwa bado linaingia dukani, kwa sababu umeme hatujui utarudi lini na mishumaa mama yako ameificha. Kompyuta zote zimelala. Mzee niliyejipatia riziki kwa kupiga chapa maneno ya watu, leo nimeshika kalamu, na mwandiko wangu umeota kutu kama unavyouona. Cheka tu. Angalau barua hii haina format ya kompyuta, popote utakapokuwa itafunguka.

Ya sweta, ya dawa ya tumbo, ya kutolala mdomo wazi garini, hayo mama yako ameshayasema na atayasema tena kesho mpaka lori liwashwe. Mimi siyagusi. Papa Kambale anasema mtoke alfajiri, kabla vizuizi havijajaa askari, na nimemwamini, maana yule jirani yetu wa Butembo amepitisha bidhaa kwenye barabara mbaya kuliko hii. Anasema pia kwamba leo asubuhi mpaka wa Kasumbalesa, njia yako ya kwenda Lusaka, ulikuwa wazi. Lakini jana, kwenye foleni ya mkate, niliambiwa umefungwa, na mtu aliyesimama nyuma yangu akasema yeye ametoka huko huko na kapita bila kuulizwa. Tangu vita vya mashariki vianze kusogea na mtandao ukatwe, kila mtu mjini ana habari yake mfukoni, na hakuna mwenye namna ya kuihakikisha.

Naogopa, Zuhura. Naliandika neno hili wazi kwa sababu usoni nimelificha siku nyingi, na kuficha kumenichosha. Naogopa barabara, naogopa askari, naogopa mpaka. Lakini ninachokiogopa kuliko vyote ni neno moja lisilokuwepo kwenye karatasi yako ya mwaliko.

Kwenye pasi yako majina ni matatu, kama ya kila mtu wa nchi hii. Amisi, jina la ukoo. Tabu, post-nom, yaani jina la kati, ni la bibi yako aliyenizaa, ndiyo maana tangu ulipozaliwa nakuita Mama na wewe unaitika. Na Zuhura, tulilokuchagulia siku ya akika. Karatasi iliyotoka Lusaka inasema Zuhura Amisi, basi. Tabu hayupo. Nilipokuonyesha, hata hukuinua kichwa kwenye sanduku ulilokuwa unalifunga.

“C'est pas grave, Papa. Kule habana post-nom. Bisanduku iko mbili tu.”

Si kitu, ulisema, fomu yao ina visanduku viwili tu vya jina. Nimekuwa nikinyamaza tangu hapo, na ndipo barua hii ilipotoka.

Unakumbuka nilivyokuaibisha msikitini? Ulikuwa umetuambia tukila, macho yanang'aa, “Papa, niko natengeneza bibliothèque.” Nami nikasikia bibliothèque, maktaba ya vitabu. Nikamwona binti yangu amekaa katikati ya rafu, miwani puani, anawanyamazisha watu. Ijumaa ile ile baada ya swala nikawatangazia wazee kwamba Zuhura wangu anafungua maktaba hapa mtaani kwetu Annexe, na kwamba watoto wao wasije na mikono michafu. Haukupita muda mwalimu akabisha hodi, amebeba barua ya mkuu wa shule, anaomba kuazima vitabu vya hesabu. Ukatoka na kompyuta yako kifuani. “Mwalimu,” ukamwambia, “bibliothèque yenyewe iko humu ndani.” Maskini yule mtu aliinama akachungulia nyuma ya kompyuta.

Ilibidi unikalishe kitako. Ukanieleza kwamba waandikaji wa programu huita hivyo fungu la msimbo lililokwisha kuandikwa, ambalo mwenzao yeyote anaweza kulichukua na kulitia ndani ya programu yake, asianze kazi kutoka mwanzo. La kwako lilikuwa na kazi moja, kugeuza hati kutoka umbo moja kwenda jingine. Hapo nikaanza kukuelewa, kwa sababu ulikulia chini ya meza yangu na uliyaona mateso yangu. Mwanafunzi analeta mémoire yake, tasnifu ya kumalizia chuo, kwenye flash, ameiandika kwenye kompyuta ya mjomba wake. Ukiifungua kwetu, majedwali yamevunjika, herufi zenye alama zimegeuka visanduku, sura ya tatu imeingia ndani ya sura ya pili. Kesho anatakiwa kuiwasilisha. Basi Papa anakaa anaipiga chapa upya yote, huku mwanafunzi amesimama begani anapumua.

Ukaiita Fungula. Na mimi, kama kawaida yangu, sikuweza kukaa kimya.

“Kiswahili ni fungua,” nikasema. “Hiyo la umeitoa wapi?”

“Papa, weye unafungua. Siye tunafungulaka. Na mulango iko moja tu.”

Mama yako alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Marehemu babu yako alinifundisha Kiswahili chake cha Kasongo kwa fimbo, nami nikadhani nimepewa kazi ya kuusahihisha mji mzima. Lubumbashi haikusahihishika, na nyumba yangu mwenyewe ndiyo iliyonishinda kwanza.

Namna Fungula inavyofanya kazi ulinifundisha kwa mfano wa kazi yangu mimi. Mteja anakaa mbele ya Papa, ulisema, anaeleza shida yake kwa Kiswahili chake. Papa anasikiliza mpaka mwisho, anaielewa, halafu anaiandika kwa Kifaransa cha ofisini. Katikati pale kuna kitambo ambapo shida ile haiko kwa Kiswahili wala kwa Kifaransa, iko kichwani mwa Papa tu. Fungula nayo iko hivyo. Inaisoma hati, inaivunja vipande, hiki kichwa cha habari, hii aya, hili jedwali, inaviweka tumboni mwake bila nguo ya format yoyote, kisha inaviandika upya kwa umbo linalotakiwa.

Nilifurahi sana kufananishwa na mashine yako. Baadaye, nilipokuwa peke yangu, furaha ikaniingia mchanga, kwa sababu najua yaliyopotea ndani ya kichwa hiki. Mama mjane alikuja analia, anamlaani shemeji yake aliyemnyang'anya kiwanja, na mimi nikamwandikia, “Nina heshima ya kukuomba uangalie suala langu kwa jicho la huruma.” Kilio chake nilikiacha sakafuni. Niliona ofisi haitaki kilio. Mengine niliyaongeza, kwa kujiona najua.

Mzee Ngoie unamkumbuka, ulikuwa mtoto, meno ya mbele yameng'oka. Alileta jina lake limeandikwa Ngoie, na mimi nikaona anakosea, maana wote niliowajua waliandika Ngoy. Nikamrekebishia. Sikumuuliza. Barua yake ya pensheni ikakataliwa, kwa kuwa makaratasi yake yote ya tangu ujana yalisema Ngoie. Alirudi taratibu, na fimbo yake, akasimama mlangoni, wateja wamejaa.

“Papa,” akaniuliza, “weye njo ulinizala?”

Kana kwamba ndiye mimi niliyemzaa, nikampa jina. Niliipiga barua ile upya siku hiyo hiyo, lakini swali lile halikutoka dukani. Kila ninapotaka kusahihisha jina la mtu, nalisikia.

Wewe ulinisimulia baadaye kwamba swali gumu la kazi yako si kile programu inachokijua. Ni ikikutana na kitu isichokijua, ifanye nini? Inaweza kusimama ikakataa. Inaweza kubahatisha. Inaweza kukitupa ikaendelea kana kwamba hakikuwepo. Fungula ya mwanzo ilikuwa inatupa. Ulikuwa na haraka, kama kijana yeyote, faili zilitoka safi, na waliokuwa wakiitumia walikusifu. Nami nilikusifu, kwa kuwa sikujua kinachotupwa.

Kisha vita vikatuletea watu. Walishuka kwenye malori na mabehewa, wengi wao watu wa kwetu Maniema na wa Kivu, wakalala kwenye viwanja vya watu huku Annexe, katikati ya matuta ya viazi. Ofisi moja ya misaada, sitaitaja jina, ikawa inawaandikisha. Majedwali yao yalikuwa na nom, post-nom na prénom, majina matatu kama tunavyoandika sisi. Ila mashine yao kubwa ya ughaibuni ilikuwa na visanduku viwili tu vya jina. Fundi wao akaichukua Fungula yako, akaitia kwenye programu yake, ihamishe majina ya watu kutoka kwenye majedwali kwenda kwenye mashine. Siku uliposikia, tulifungua Fanta. Binti yangu anasaidia wakimbizi akiwa amekaa nyumbani na kanga kiunoni! Nilikuwa nimeanza tena kutangaza msikitini.

Halafu akaja Mama Riziki, mmoja wa wale waliokimbia vita.

Najua huwezi kuisahau asubuhi ile, lakini niache niisimulie kama nilivyoiona mimi, kutoka upande wangu wa meza. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na wavulana wawili wa kimo kimoja wameshika kitenge chake huku na huku. Wewe ulikuwa kwenye kompyuta ya pembeni, unaandika msimbo wako, vidole vinakwenda mbio.

“Andikia chef yabo,” akaniambia. “Banasema mi niko mwizi. Niko na batoto babili, bo banasema ni mumoja.”

“Wanaitwaje?”

“Huyu njo Saleh Bahati Juma, wa tumbo yangu. Ule njo Saleh Shindano Juma, wa dada yangu, alikufiaka kule. Bote babili banabeba jina ya babu yabo Saleh, bote babili balizaliwa siku ya Ijumaa. Sasa machine inasema Saleh Juma na Saleh Juma ni muntu mumoja, njo mi nilimuandikisha mara mbili kwa bwizi. Banafuta mumoja.”

Nikainua kalamu. “Wamemfuta yupi?”

“Hata bo habajue,” akasema.

Vidole vyako vikasimama. Mimi mjinga nilikuwa naendelea kutafuta neno la Kifaransa la adabu la kumwambia mkubwa kwamba amekosea. Aliyefutwa hana mkeka, hana unga, na siku ya kuhamishwa kwenda mahali pa usalama atasomwa mmoja tu apande gari. Mama Riziki alikuwa analieleza hilo polepole, kwa sababu alidhani sijaelewa, na kweli nilikuwa sijaelewa. Wewe ulikuwa umekwisha kuelewa. Uliandika jedwali dogo la majina matatu, ukaipa Fungula na visanduku viwili, ukaitazama. Jina la katikati likaanguka. Faili likatoka safi.

“Haikulalamika hata kidogo, Papa,” ulisema.

Ninachotaka kukiandika hapa ni nilichokifanya mimi, maana ulikiona na hatujawahi kukizungumza. Mama Riziki alipotoka kwenda kungoja kivulini, nilifunga mlango. Nikakushika mkono. Nikakwambia, nyamaza. Hakuna ofisini kwao anayejua kwamba Fungula ni yako, nikakwambia, rekebisha kimyakimya, watachukua iliyorekebishwa, yataisha. Siku hizi watu wanakamatwa kwa neno dogo kuliko hilo. Wanatafuta wa kumtwika lawama, na wewe ni msichana huna mkubwa wa kukutetea. Niliongea kwa haraka, na nilidhani kwamba naongea kama baba.

Ukauchomoa mkono wako. “Papa,” ukasema, “Fungula nayo ilinyamaza.”

Ukajifunga mtandio, ukatoka. Ukamwambia Mama Riziki pale pale kivulini, uso kwa uso, kwamba kosa ni lako. Yeye akamfuta kamasi mmoja wa wale kina Juma. Halafu akasema, “Sasa rudisha bote babili.” Mkaondoka pamoja kwa miguu. Hujui kwamba nilikufuata. Nilitembea nyuma yenu kwa mbali kama mpelelezi, nikijificha nyuma ya vibanda vya mkaa, na mlipoingia ofisini nikasimama ng'ambo ya barabara nikisoma bango moja la sabuni mpaka nikalikariri. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuwaambia askari, kama wangetoka na wewe. Ulitoka bila askari, unafuta macho, na yule fundi wao amekusindikiza mpaka getini akikushukuru. Bahati na Shindano walirudishwa wote wawili, na nyuma yao watu wengine wengi waliokuwa wamemezwa na majina ya wenzao. Nikakimbia kwa njia ya mkato, ukanikuta nimekaa mezani najifanya nasoma gazeti la zamani.

Basi hilo ndilo nililojifunza nikiwa na mvi kichwani, na ni wewe uliyenifundisha. Mimi maisha yangu yote niliamini kwamba kosa baya ni lile linalokuaibisha mbele za watu. Kwa hiyo nilikuwa nasafisha. Nasafisha barua, nasafisha majina, nasafisha hasira za wajane. Kosa linalosimamisha kazi na kupiga kelele, hilo utaliona utalitengeneza. Mimi nimeanza kuogopa yale yanayotoka safi.

Ukaikalia Fungula upya. Sasa ikikutana na kitu isichokijua haikitupi tena. Inakibeba kama kilivyo, na inakwambia. Ukaniomba nikuandikie maneno ya onyo lile kwa Kiswahili cha babu yako, na nikafikiri muda mrefu kuliko barua yoyote niliyowahi kuandika. Hiki sikijui, lakini nimekibeba. Tafadhali angalia. Huo ndio mchango wangu wote katika bibliothèque yako, na naukumbuka kila siku kwa majivuno. Ukaongeza na ule mtihani wa aller-retour. Hati inapelekwa kwenye umbo jingine, inarudishwa, halafu inalinganishwa na ilivyokuwa kabla ya kuondoka. Nilikaa nyuma yako nikitazama hati zinakwenda na kurudi, kama ninayemngoja mtu stesheni.

Ni kwa ajili ya kazi hiyo watu wa Lusaka walikuandikia. Wana magazeti na makaratasi ya zamani, wanataka yasomeke kwenye mashine za leo bila kupoteza kitu, na walitafuta mtu anayejua kuogopa kupoteza. Ndivyo walivyosema, na ni maneno mazuri. Halafu watu hao hao wakakutumia mwaliko bila Tabu. Najua si ubaya wao. Fomu yao ina visanduku viwili. Lakini wewe, Zuhura, wewe uliyeliziba tundu hilo kwa machozi, ulisema si kitu.

Nikwambie huyu Tabu ni nani, maana alikufa kabla hujazaliwa na sijawahi kukueleza sawasawa. Alizaliwa njiani, wazazi wake wakikimbia, ndiyo wakamwita hivyo. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Sokoni wakimwita “Tabu!” alikuwa anajibu, “Iko hapa, haiyaishe!” yaani haijaisha bado, na soko zima linacheka, hata siku ambazo hakuna aliyeuza kitu. Wakati mmoja wa machafuko, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni nikichoka, tulikuta kizuizi. Watu waliomtangulia walikuwa wanabadilisha majina yao, kila mtu anajaribu jina analodhani litawapendeza wale vijana wenye bunduki. Jirani mmoja alimnong'oneza mama naye ataje jingine. Ikafika zamu yetu.

“Jina?”

“Tabu.”

Yule askari akakunja uso. “Nakuuliza jina, hapana mambo yako.”

“Jina njo ile,” mama akamwambia. “Mambo nayo njo ile ile.”

Nilihisi mgongo wake unatetemeka chini ya kifua changu. Sauti haikutetemeka. Yule kijana alimtazama, kicheko kikamponyoka, akatupisha. Sisemi jina ni hirizi. Angeweza pia kukasirika, na mimi nisingekuwepo kukuandikia. Nasema tu kwamba tulipita tukiwa wazima, hatukuacha kitu nyuma.

Jana ulipokwenda kwa fundi cherehani, umeme ukarudi kidogo. Nikaifungua karatasi yako kwenye kompyuta, kwa Fungula yako mwenyewe, baba mwizi. Nikaweka mshale kati ya Zuhura na Amisi, nikaandika Tabu. Likakaa vizuri mno, herufi zimefanana, hakuna jicho ambalo lingejua. Nikawaza, nikiichapisha hii na kuibadilisha na ile iliyo kwenye bahasha yako, pasi na karatasi vitasema jambo moja, mtu wa mpakani hatakuwa na la kuuliza. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye kitufe. Ndipo nikamsikia Mzee Ngoie mlangoni, na fimbo yake.

Ni kweli wewe nilikuzaa. Lakini ile karatasi sikuizaa mimi. Wakipiga simu Lusaka kuulizia, wewe ndiye utakayesimama pale na karatasi iliyoguswa, mikono yako misafi ikibeba uchafu wa baba yako. Nikaifunga bila kuihifadhi. Nikakaa, na umeme ukakatika tena, na nikabaki na woga wangu kama ulivyokuwa.

Kwa hiyo karatasi yako iko kama ilivyokuja, na pengo lake. Sina njia ya kulijaza kutoka hapa. Utalijaza wewe kwa mdomo, mbele ya mtu aliyechoka, foleni ya malori ikipiga honi nyuma yako. Atashika pasi mkono huu na mwaliko mkono ule, atakuuliza, huyu Tabu ni nani? Najua jibu rahisi lipo. Kusema ni kosa la uandishi, ni jina la zamani, halitumiki. Pengine utapita upesi zaidi. Na ukifika Lusaka utakuwa Zuhura Amisi, faili safi, na hakuna atakayekwambia kuna kilichoanguka. Hata wewe baada ya muda hutajua. Hicho ndicho kinachonifanya nishindwe kula, wala si askari.

Ule mtihani wa kwenda na kurudi sikupi, usiogope. Rudi umebadilika, rudi na Kiingereza, rudi hutaki tena ugali wa mama yako, tutagombana tutazoea. Mengi utakayokuwa sitayajua, kama nisivyoijua hata nusu ya kazi yako. Sikijui, lakini nimekibeba, na nitaendelea kukibeba hapa mlangoni kila lori la Papa Kambale litakaporudi. Ninachokuomba ni usijisafishe kwa ajili ya kisanduku cha mtu.

Mama yako ananiita, anataka nikaze kamba ya sanduku. Nitaingia, nitakaza, nitasema inatosha, na sitasema lolote kati ya haya kwa sababu najijua.

Kesho kila mtu atakuombea usipate tabu njiani. Mama yako atasema hivyo, majirani watasema hivyo, hata Papa Kambale akiwasha injini. Itikia amina, ni dua njema na mimi naiomba pamoja nao. Lakini ukifika mpakani na ukaulizwa jina, Mama yangu, inua sauti utaje yote matatu, na ukiulizwa Tabu ni nani, sema yuko hapa, haiyaishe.

Baba yako,
Amisi, mwana wa Tabu